Sahani Iliyonusurika Kutupwa

Pale maabara walimwita Mama Sabuni, naye hakuchukia. Alikuwa akiosha vioo na kuchemsha sahani za kuoteshea vijidudu zilizokwisha kazi kabla hazijatupwa. Kazi hiyo aliiomba mwenyewe, baada ya kidonda cha mguu kumlaza hospitali miezi miwili. Dawa tatu ziligoma. Ya nne ndiyo iliyomwinua, na muuguzi akamwambia kuwa asili yake ni bakteria wa udongoni.

"Udongo huu huu tunaoukanyaga?" aliuliza, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Mtafiti mkuu, binti asiye na makuu, alimweleza wanachofanya siku alipomuuliza. Bakteria wa udongo hupandwa kwenye sahani iliyojaa vijidudu vya maradhi. Pakitokea duara safi kumzunguka bakteria huyo, ujue anatoa kitu kinachoviua.

Asubuhi moja aliletewa trei ya kuchemshwa. Sahani zilikwisha kukaguliwa, hazikuwa na kitu, kisha zikasahaulika wiki mbili kwenye kabati la joto. Akiwa anazipanga kwenye mtungi wa kuchemshia, akaona duara moja, dogo kama kifungo cha shati. Akaibeba hadi kwa mtafiti.

"Daktari, samahani. Na hii nichemshe?"

Mtafiti aliiinua kwenye mwanga, akaigeuzageuza. "Mama, usichemshe kitu. Kaa hapo."

Hawakushangilia. Mara tisa walikwisha kupata duara, na kila mara ikawa dawa inayojulikana tangu zamani. Wakachuja, wakapima, wakalinganisha na orodha za dawa zinazojulikana, moja baada ya nyingine. Mwezi wa saba tangu siku ile, mtafiti alishuka mwenyewe hadi chumba cha kuoshea, akasimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichokijia.

"Haimo," alisema. "Haimo popote. Ni mpya, mama! Bado itajaribiwa kwa wanyama, kisha kwa watu, na huenda ikakwama njiani. Lakini kwenye ripoti jina lako litakuwa pamoja na yetu."

"Mimi? Mimi si wa kuosha tu?"

"Macho yaliyoiona ni ya nani?"

Alipomsimulia mumewe, mzee alitikisa kichwa. "Kwa hiyo nimeoa mwanasayansi, na mimi sina habari!"

Wakacheka. Kisha mama akasema:

"Unajua ninachomshukuru yule binti? Si jina. Siku ile nilipomuuliza wanafanya nini na sahani zile, aliacha kazi yake akanieleza. Angeweza kusema, mama, wewe osha."