Siku Nilichagua na Buku ya Marehemu

Bandugu, haya yangu yote iliishia ku robiné, bomba ya maji ya Kamalondo, mbele ya bamama na ndoo zabo, na toka siku ile sijaona tena kintu ya kunipatisha haya, njo maana leo ninaweza kuelezea bila kufunika uso. Mucheke tu, bibi yangu mwenyewe anachekaka mpaka leo, na yeye njo alikuwa karibu kulia. (Kama naandika mubaya musinilaumu. Masomo yangu ilikuwa kidogo, padri alinifukuza juu ya kusinzia, na kusinzia ile ilitoka ku bukari, ugali ya mama, ilikuwa nzito sana.)

Ilikuwa wakati Katanga ilisema iko inchi yake peke yake, na bendera yake, na askari yake ku kila barieri ya barabara. Siku zile hakuna muntu alitembea bila buku, ile kitabu ndogo ya kuonyesha weye ni nani, unakaa mutaa gani, avenue gani, bibi yako nani, batoto yako banani. Bamama bengi hawakukuwa na yabo, baliandikwa tu ndani ya buku ya bwana. Askari anasema «Buku!» na moyo inaanguka katika viatu, ata kama buku yako iko sawa, juu jina ya ndani iliweza kukupitisha na iliweza kukulalisha palepale. Lakini ile niache, leo tunacheka.

Mimi nilikuwa kijana, nalala Katuba, kazi natengeneza kinga kule Kamalondo, ku avenue ya robiné, chini ya kibaraza ya muntu. (Kinga ni velo, baiskeli, kwa bale hawajui Kiswahili ya kwetu.) Josefina alikuwa analeta kinga ya baba yake, mupira imetoboka. Kesho analeta tena, imetoboka. Nilifikiri njia ya kule kwabo iko na miiba mingi, kumbe ni yeye alikuwa anatoboa na sindano, aliniambia wakati tulizaa mutoto wa kwanza. Basi nilienda kwa baba yake kumuomba. Tata Kyungu alikuwa muntu murefu, na miwani, alifanya kazi ya kupima mizigo ku gari ya moshi, na ata alipoacha kazi alikuwa anakuangalia vile, sawa weye njo muzigo na bado ajaamua kama utapanda. Alikuwa mugeni pale avenue, alihamia kiangazi kilipoisha. Akaniambia: «Nitakujibu mambo ya ufunguo ikiisha.»

Mambo ya ufunguo njo hii. Bamama balipigania maji ku robiné mpaka komuni, serikali ya pale, ikafunga robiné na kufuli, ikasema muchague muntu mumoja wa kushika ufunguo. Balisimama babili: Tata Kyungu, na fundi Mwape, mushonaji wa nguo, mufupi, mudomo haifungi. Na mbele ya kuchagua balianza kubishana: nani ana haki ya kuchagua?

Tata Kyungu akasema kila muntu aonyeshe buku, na ndani iandikwe avenue yetu. «Bila buku, mitaa ya jirani, Katuba yote na Kenya yote, itakuja kuchagua hapa, juu ya kikombe ya pombe ya munkoyo ya Mwape!»

Mwape akajibu, na mita yake ya kushona ku shingo: «Kyungu, bantu ya hapa nabashonea nguo, najua ata kiuno yabo! Buku ya nini? Bengine buku zabo askari balizinyanganya ku barieri. Na bamama je? Basinywe maji?»

«Sheria ni sheria.»

«Sheria yako inachota maji?»

Balibishana wiki muzima, mpaka bantu bakachoka, bakasema sawa, tuchague na buku, tupate maji. Na mimi nilikuwa napiga makofi kupita bote kila mara Tata Kyungu anasema buku, juu ni mukwe wangu wa kesho, mpaka siku moja nikafungua yangu nikaona: Katuba. Sheria nilipigia makofi ilinifungia mulango mimi wa kwanza.

Sasa musikie vile uwongo inavaa nguo ya haki. Jina yangu ni Ilunga. Ku ile avenue kulikuwa muzee Ilunga, rafiki ya baba yangu, njo yeye alinipa jina. Na kwetu, muntu mwenye kubeba jina yako ni weye mwenyewe. Bibi yake, Mama Ngoie, toka niko mutoto anaita mimi «bwana yangu», ananichagulia kichwa ya samaki. Muzee alipokufa, mbele Tata Kyungu ahamie pale, Mama Ngoie alinipa kapu: mukaba ya suruali, kiko, na buku yake. Akasema: «Bintu ya bwana yangu ikae kwa bwana yangu.»

Basi nikajiuliza: Ilunga wa ile buku ni nani? Ni mimi! Njo akili yangu ile. Nikatia buku ya marehemu katika mufuko, nikajisikia muntu mwema kabisa.

Siku ya mungu, ile Jumapili, nyuma ya misa, balitia meza karibu na robiné. Balileta mwalimu Dominiko kutoka kartié ingine, mutaa ya mbali, asipendelee muntu. Unaonyesha buku, unapata punje ya mahindi, unapita nyuma ya kitenge yenye balifunga ku kamba. Kule kuko ndoo ya bati ya Mwape na mutungi ya udongo ya Tata Kyungu. Balisema ni siri, lakini siri gani? Ukitia kwa Mwape inalia ting, ukitia kwa Kyungu inasema du, na bantu yote imetega masikio.

Nilifikiri mwalimu ataangalia jina na avenue tu. Kumbe alikuwa anasoma yote, na sauti ya kanisa.

«Ilunga! Avenue, ni hapa. Kazi, kutia makaa ku gari ya moshi. Bibi, Ngoie. Batoto: Petro, Kasongo, Yohana, Maria...» Batoto ya muzee haikuisha. Bantu ya pale, benye balizika ule muzee na mikono yabo, baliangaliana, kiisha mama mumoja akapasuka na kicheko. Mwalimu akainua kichwa.

«Tata, unaonekana kijana.»

«Ni mafuta ya mawese,» nikajibu. (Sijui ilitoka wapi. Kinywa yangu haikuniuliza.)

«Ni yeye? Munamujua?» mwalimu akauliza bantu.

«Ni yeyeee! Ni Ilunga!» bakaitika bote pamoja, na bale ya Mwape njo balipiga kelele kupita. Mwape mwenyewe akanipa mukono: «Muzee, jambo. Tata Kyungu alisema buku njo muntu, mimi ni nani wa kukatala? Muache muzee apite!»

Nikageuka, nikaona Josefina pale kwa bamama. Hakunikasirikia. Alikuwa anahesabu na vidole: Petro, Kasongo, Yohana... Nikapita nyuma ya kitenge, nikatia punje. Du.

Kutoka tu, nakuta Petro. Petro ule alikuwa mutoto ya kwanza ya marehemu, muntu na ndevu, mubeba mifuko ya unga. Akapiga magoti mbele yangu, akapiga makofi ya heshima: «Tata, jambo! Ulituacha siku mingi. Na ile kinga uliniahidi?»

«Petro, simama, nakuomba.»

«Mutoto anasimama aje mbele ya baba yake?»

Kicheko ilivunja avenue. Na Mama Ngoie njo anafika na ndoo ku kichwa, Mwape anamukimbilia: «Mama, huyu unamujua?»

«Juu ya nini nisimujue? Ni bwana yangu.» Alisema kweli yake, sawa siku zote. Kiisha akaniangalia: «Na toka akufe ajanipasulia ata kuni moja.»

Balihesabu punje. Tata Kyungu alimupita Mwape na punje moja. Bantu yake ilianza kuimba, yeye akabasimamisha na mukono. Akatosha miwani, akaifuta polepole.

«Ilunga. Ulikuja kwangu kuomba mutoto yangu. Sasa nasikia uko na bibi na batoto ya ndevu. Sema mbele ya bote: uko bwana ya huyu mama, na kura yako iko sawa, ao uko kijana, na uliniibia kura?»

Bandugu, musimame pale nilisimama! Nikisema niko muzee, ananipa ufunguo lakini Josefina imeisha. Nikisema niko kijana, ufunguo imeisha, na mwizi hawamupi mutoto. Nikaangalia Josefina, vidole vyake bado iko juu, anangoja ajue kama ashushe. Nikasema: «Tata, niko kijana. Bibi sina. Buku ni ya marehemu.»

Tata Kyungu akaenda ku mutungi yake mwenyewe, akatosha punje moja, akaitia katika kiganja. «Wiki muzima nasema bila buku bezi batapita. Na mwizi akakuja na buku.» Hakusema na hasira, njo iliniumiza.

Basi balikuwa sawasawa, hakuna aliyeshinda. Bakaanza tena kubishana. Njo Mama Ngoie akashusha ndoo yake. «Na mimi?»

Asubui alifika, balimurudisha juu hana buku.

«Jina yangu iko ndani ya ile buku. Mwalimu alisoma Ngoie mbele ya bote, na hakuna aliyebisha. Huyu kijana alichagua na karatasi yangu. Ile punje ni yangu.»

Tata Kyungu akaangalia punje, akaangalia yule mama, akanyosha mukono akamupa. Kwa ile peke yake ningemuheshimu mpaka kaburi. Mama Ngoie akaingia nyuma ya kitenge, na avenue yote ikainama sawa inasikiliza mugonjwa.

Ting.

Bale ya Mwape balirusha kofia. Mama Ngoie akatoka, akajipangusa mikono. «Tata Kyungu, usikasirike. Mwape aliniharibia robe, nguo yangu ya Noeli, mukono moja juu, mukono moja chini. Asubui nilikuja kukuchagua weye.»

Ule Tata mwenye hakucheka toka nimujue, aliketi ku meza ya mwalimu akacheka mpaka miwani ikaanguka.

Lakini jibu yangu hakunipa. Alisema: «Buku ulionyesha mbele ya avenue ilisema uko bwana ya Mama Ngoie. Umuchotee maji, umupasulie kuni. Kiisha nitaona.» Nilibeba maji mpaka mvua ikarudi, Mwape anafungua robiné na ufunguo yake anasema «Muzee, polepole na mugongo!» Na kila nikifika kwa Tata Kyungu, ananisimamisha ku mulango: «Buku!» Nasimama pale na jasho naonyesha buku yangu ya Katuba, anasoma yote, mpaka siku moja akairudisha akasema: «Bibi, hapa bado hawakuandika. Iandikwe Josefina.»

Siku ya ndoa Mama Ngoie alikuja kuketi katikati yetu, anasema yeye njo bibi mukubwa, na hakutoka mpaka apewe kitenge yake.

Leo tuko na karte, kadi ya kuchagua, na sura yako iko juu yake, na ningali nasikia bijana banabishana sawasawa na Kyungu na Mwape. Nikitoka kwenda kuchagua Josefina anauliza ku mulango: «Ilunga gani anaenda?» Naonyesha karte. Mujukuu wetu balimupa jina yangu, mutoto muzuri, akili mingi, sawa yangu, njo inaniogopesha. Basi nimekwisha kuambia batoto: siku nitakufa, ile karte muitie katika sanduku pamoja na mimi, na muipigilie musumari vizuri, juu sitaki muntu akuje kuniamusha twende kuchagua.