Redio ya Mwaka wa Hamsini na Nane

Barua ya jeshi ilipofika Musoma, katikati ya mwaka 1979, Kasmiri alikuwa ameinamia injini. Akaisoma hapo hapo, mikono imejaa grisi. Mwanawe Florian, mtoto pekee aliyebaki baada ya surua kuwachukua wawili, alikuwa ameuawa vitani Uganda, na mwili wake haukupatikana. Kasmiri akaikunja barua, akaitia kwenye mfuko wa ovaroli, akaendelea kukaza nati. Mkewe Pelagia hakuambiwa mpaka jioni, na wapo wanaomlaumu Kasmiri kwa hilo hadi leo. Waache walaumu. Wao hawajapata kuletewa barua ya namna ile.

Gari alilokuwa akilitengeneza lilikuwa la Kiingereza, gari la michezo, viti viwili, la mwaka 1958. Taa zake zilikuwa zimetokeza juu ya boneti kama macho, basi mji mzima ukaliita Chura. Mzungu mmoja, mkaguzi wa pamba kule Bunda, alilitelekeza alipoondoka miaka michache baada ya Uhuru, na Kasmiri akalivuta kwa kamba hadi gereji yake. Yeye na Florian walilifufua kwa miaka saba. Injini ikakubali, breki zikakubali. Kilichobaki ni tundu tupu kwenye dashibodi, mahali pa redio. Watu walimwambia Kasmiri afunge transista yoyote, mambo yaishe. Florian ndiye aliyekataa katakata.

"Gari na redio yake lazima wawe rika moja, baba. Ukimfungia Chura transista, ni sawa na kumvalisha padri kaptura."

Siku aliyopanda lori la jeshi alirudia tena: "Nitafutie ya valvu, ya mwaka wake. Nikirudi tunaenda Bunda, tunaisikiliza njiani."

Sasa ukoo wao, watu wa Mugango, una utaratibu wake. Mtu akifia mbali na mwili usionekane, hukatwa mgomba, ukavishwa sanda na kuzikwa badala yake, ili marehemu atulie na wazazi wapate kulia wamalize. Makongoro, kaka yake Kasmiri, alikuja siku ya tatu pamoja na wazee kupanga maziko. Kasmiri akawasikiliza, akanywa maji, kisha akasema:

"Kaka, mtoto aliniachia kazi. Siwezi kumzika na kazi yake sijamaliza. Siku nikipata redio ya hili gari, ya mwaka wake, mtakata mgomba."

Wazee wakatazamana. Ahadi aliyopewa marehemu ni kitu kizito, na hakuna aliyethubutu kubisha. Wakarudi Mugango.

Tuseme ukweli: Kasmiri alijua redio hiyo haipo. Miaka ishirini ilikuwa imepita, na mkoa mzima wa Mara ulikuwa umeshahamia kwenye transista. Hilo ndilo alilolitaka. Redio isipopatikana mgomba haukatwi, na mgomba usipokatwa Florian bado yuko safarini. Akaanza kutafuta kwa bidii kubwa mahali ambapo isingepatikana. Aliuliza kwa wauza samaki. Aliuliza kwa mshona viatu. Alikwenda mara tatu kwa fundi redio ambaye hakuwahi kushika valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, maishani mwake, na kila mara alirudi ameinamisha kichwa, huku moyoni, Mungu amsamehe, anashukuru.

Pelagia hakujua hayo. Yeye alitaka kumzika mwanawe. Alikuwa hajanyoa nywele, hajalia kwa sauti, maana bila maziko hakuna matanga. Majirani nao hawakujua wampe pole au wamwulize habari za vita, basi wengine wakaanza kupita njia nyingine. Miezi minne ilipokwisha, akajifunga kitenge, akadandia lori la pamba kwenda Bunda.

Huko akaulizia yule mkaguzi, akaelekezwa Guta kwa Mzee Silasi, aliyekuwa mpishi wake. Silasi akakumbuka vizuri. Mzungu aliing'oa redio mwenyewe akampa kama asante, naye, kwa kuwa hakuwa na gari, akampa binti yake Nyamburi alipoolewa Butiama. Petroli ilikuwa adimu na magari yalipita kwa kubahatisha. Pelagia akatembea siku mbili kwa miguu. Akaikuta redio jikoni kwa Nyamburi, chungu cha chumvi kimekaa juu yake. Alipoeleza anaitakia nini, Nyamburi hakudai kitu. Aliifuta masizi kwa kanga yake mwenyewe, akamsindikiza mgeni hadi barabarani.

Asubuhi moja Pelagia akaingia gereji, akaweka mzigo juu ya meza ya kazi, akafungua fundo.

"Baba Florian, nimeipata."

Kilikuwa kisanduku cha chuma chenye vitufe vitano vya rangi ya maziwa. Nyuma kilikuwa na kibati kilichogongwa mwaka: 1958. Kasmiri akakifuta kibati kwa kidole, akausoma tena.

"Umeitoa wapi?"

"Butiama. Nilikuwaga nakuona unarudi mikono mitupu, roho inaniuma. Nikasema na mimi nikusaidie."

Kasmiri akakibeba kisanduku hadi kwenye gari, akakiingiza kwenye tundu la dashibodi.

Pelagia akakaa kwenye kiti cha abiria kusubiri. Magari ya Kiingereza ya miaka ile waya zake zilifungwa kinyume na za siku hizi: chanya ya betri ndiyo iliyoshikizwa kwenye bodi. Kasmiri angezigeuza tu waya za redio, ingeungua papo hapo, moshi kidogo, basi. Angesema imekufa kwa uzee, na nani angebisha? Akashika waya mbili, moja kila mkono. Kisha akaiona miguu ya mkewe. Visigino vilikuwa vimepasuka, na damu ilikuwa imekauka katikati ya vidole. Aibu ikampanda hadi masikioni.

Akazifunga waya zinavyotakiwa.

Redio za valvu haziamki haraka. Mtu na mkewe walikaa kwenye vile viti viwili mpaka ikakoroma, ikatulia, na mtangazaji wa Dar es Salaam akasikika akisoma habari za mvua za vuli. Pelagia akapiga yowe. Kilikuwa kilio chake cha kwanza tangu barua, na majirani wakaja mbio, safari hii wakijua la kusema.

Kesho yake, shambani Mugango, Makongoro alisimama kwenye migomba, panga mkononi. Mgomba hukatwa kwa kimo cha marehemu. Akauliza wakate urefu gani, na watu wote wakatazama chini.

Kasmiri akavua viatu, akajilaza juu ya majani makavu, akanyoosha mikono ubavuni.

"Nipimeni mimi," akasema. "Halafu ongezeni kiganja kimoja. Alikuwa amenipita."