Mtu Asiyengoja Chuma Kipoe

Mjomba wangu anatengeneza fremu za pikipiki za zamani. Mtaa mzima unamwita Injinia, jina alilojipa mwenyewe na kulirudia mpaka watu wakachoka kubisha. Hakuna aliyemfundisha uinjinia, na hilo halimpunguzii kitu. Mafundi wengi wazuri walijifunza kwa kutazama na kuungua vidole. Kinachonifanya nimdharau ni kingine. Mjomba anaijua kazi yake barabara, kisha haifanyi anavyoijua.

Karakana yake iko ubavuni mwa nyumba, chini ya paa la mabati, na mlango wake mkubwa unatazama barabarani. Mlango huo haufungwi kazi ikiendelea. Ukimwuliza, atakwambia anauacha wazi kwa ajili ya moshi. Moshi una dirisha lake. Mlango upo kwa ajili ya benchi lililoko nje, kivulini, ambako wanakaa wanaume walewale kila siku: kinyozi asiye na wateja, karani mstaafu, na dereva wa lori ambaye lori lake linangoja spea tangu zamani, mpaka watu wameacha kumwuliza. Kazi ya hawa ni kumvika mjomba kilemba cha ukoka kuanzia asubuhi. Ujira wao ni chai, na anayeipika ni mke wa mjomba.

Mteja akija na injini ya zamani ambayo fremu yake imeliwa na kutu, mjomba hamwulizi anapita barabara gani wala anampakia nani. Anamwuliza anataka ionekaneje. Kisha anachukua chaki na kuichora fremu nzima sakafuni kwa ukubwa wake halisi: shingo ya kushikia usukani, nafasi ya injini, na ule mstari mrefu wa mgongo, ambao huuvuta kwa mkupuo mmoja akiwa amejikunja, huku akijua kwamba benchi linamtazama. Ni michoro mizuri, siwezi kusema uongo. Mke wake hufagia akiizunguka kama mtu anayefagia makaburini.

Baada ya mchoro huja mabomba ya chuma. Huyajaza mchanga ili yasibonyee, huyapinda taratibu kuufuata mstari wa chaki, na ncha zake huzichonga kwa tupa mpaka bomba moja likumbatie jingine bila kuacha uwazi wa kupitisha ukucha. Kisha huyapanga juu ya meza nzito ya chuma yenye vibano pande zote, ambayo yeye huiita kitanda. Fremu hufungwa hapo kitandani kabla ya kuchomelewa, na mjomba ana hotuba yake kuhusu jambo hilo, ambayo nimeisikia mpaka naweza kuitoa mimi.

"Chuma kikipata moto kinatanuka," husema akiwa ameinua kidole. "Kikipoa kinajikunja, na kinajikunjia kule ulikochomelea. Kwa hiyo unakibana, unakiacha kipoe kikiwa kimebanwa. Ukikifungua mapema, umekipa ruhusa kiende kinakotaka."

Benchi hutikisa vichwa kukubali. Mjomba huvaa barakoa, huchomelea, na akimaliza kiungo cha mwisho, chuma kikiwa bado kina wekundu, hufungua vibano vyote, huinyanyua fremu kwa glovu na kuitoa mlangoni ili ionekane.

Hayo ndiyo maisha yake. Hawezi kungoja. Mtu aliyeumwa na njaa angeweza kuusubiri ugali uive, lakini mjomba hawezi kuisubiri sifa ipoe. Matokeo yake yanatembea mjini. Daktari mmoja wa meno huendesha akiwa ameshusha bega la kulia kana kwamba amebeba ndoo isiyoonekana, kwa sababu pikipiki yake inavuta kushoto na mwili wake umezoea kuirudisha. Akiulizwa, husema kwamba pikipiki za Injinia zina tabia zake, kama farasi wa ukoo bora. Huyu ni mtu ambaye akiona jino limepinda hulifunga waya. Mteja mwingine ameiweka yake sebuleni, karibu na kabati la vyombo, na huyo ndiye pekee ambaye kazi ya mjomba haijamdhuru.

Baba yangu alikuwa tarishi. Kwa miaka mingi alipeleka barua za ofisi kwa pikipiki nzito ya kizamani, na alipostaafu waliachana kama marafiki: yeye aliondoka na pikipiki, ofisi ikabaki na barua. Kabla hawajaoana, mama alikuwa akipanda nyuma yake juu ya pikipiki hiyohiyo, wakienda kutembea Jumapili. Sasa fremu ilikuwa imepasuka chini ya kiti, na ya kiwandani haipatikani tena. Baba alitaka kitu kimoja tu, nacho alikisema mezani mara nyingi kiasi cha kututia haya: kumpakia mama tena wakati magoti yao bado yanakunjika.

Kulikuwa na mafundi wengine. Mama hakutaka kusikia habari zao.

"Utampelekeaje mtu wa nje wakati kaka yupo?" aliuliza.

Amemtetea kaka yake tangu utotoni. Mjomba alipoifungua redio ya jirani na redio ikanyamaza milele, mama ndiye aliyesema ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Baba, ambaye anamwogopa shemeji yake kuliko anavyoogopa mbwa, alikubali.

Tuliisukuma pikipiki mpaka karakana. Mjomba aliizunguka mikono ikiwa nyuma, kama daktari anayepita wodini.

"Shemeji, hii umeiua kwa barua," alisema.

Benchi lilicheka.

"Irudi kama ilivyokuwa tu," baba alisema.

"Kama ilivyokuwa ilikuwa ya kiwandani. Mimi sitengenezi vya kiwandani."

"Nataka imbebe dada yako."

"Itambeba kama malkia."

"Malkia mwache hukohuko," mama alisema. "Kiti kiwe kirefu, kaka. Magoti yangu si yale unayoyajua."

Siku ya kuchomelea, baba alikuwapo. Aliona kila kitu. Aliona cheche za mwisho, akaona mkono wa mjomba ukienda moja kwa moja kwenye kibano cha kwanza.

"Si ulisema ipoe kwanza?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.

"Imepoa, shemeji. Hapo inapumua tu."

Fremu ilitolewa mlangoni ikiwa bado inatoa joto, na karani mstaafu akasema hata ndege haina mgongo kama ule. Karani hajawahi kuikaribia ndege. Baba alisogea pembeni kuipisha, na kwa hilo nilimdharau yeye pia kidogo. Mtu anayetaka kumpakia mkewe angalau aweze kusema neno kwa ajili ya shingo yake.

Injini ilipofungwa na tangi kupakwa rangi, tuliitwa wote. Mama alivaa viatu vya kufunga na suruali chini ya gauni. Kwanza baba alienda kuijaribu peke yake mpaka kona ya pili na kurudi. Aliporudi, uso ulikuwa na jasho na kifundo cha mkono wa kulia alikuwa akikisugua.

"Inavuta kidogo," alisema.

"Umekaa upande," mjomba alimjibu. "Hii si ya kupelekea barua, shemeji. Inataka mtu akae kwa heshima."

Mke wa mjomba alikuwa amemwaga maji ya kufulia kwenye saruji mbele ya mlango, na baba alipoisogeza pikipiki ili mama apande, alipita katikati ya maji hayo. Tairi la mbele liliacha mstari wake. La nyuma liliacha wake pembeni, kwa umbali wa upana wa kidole gumba, kama watu wawili waliogombana lakini wanakwenda njia moja. Pikipiki iliyonyooka huacha mstari mmoja. Hilo hata mtoto wa shule analiona.

Mama aliitazama mistari ile kwa muda mrefu.

"Panda basi," baba alisema.

"Sipandi."

"Dada, unaogopa mwendo?" mjomba aliuliza, akiligeukia benchi ili wacheke naye.

"Mwendo siuogopi. Naogopa fremu."

Hakuna aliyecheka. Mjomba aliiangalia mistari, akaangalia mbali, kisha akasema neno ambalo ningependa liandikwe juu ya mlango wake.

"Hiyo ni makusudi. Ni mtindo. Tairi zikipishana kidogo, pikipiki inashika barabara vizuri."

Dereva wa lori aliinamisha kichwa na kuanza kuchunguza kandambili zake. Hata yeye aliona aibu.

"Kama ni mtindo, sawa," mama alisema. "Panda wewe. Mume wangu ataendesha, wewe ukae pale ninapokaa mimi. Mshuke mpaka chini ya mteremko, mrudi. Mimi nitakaa hapa na wifi."

Hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo sijui lilitupitaje sote. Mjomba hajawahi kupanda hata pikipiki moja aliyoitengeneza. Huenda kwa miguu, au huomba lifti.

"Kiuno kinanisumbua," alisema.

"Tangu lini?" mke wake aliuliza kutoka mlangoni.

"Tangu asubuhi."

"Asubuhi ulikuwa umebeba injini," mke wake alisema, akachukua birika na kuingia nalo ndani. Kinyozi alikuwa ameshanyoosha kikombe.

Mama hakupandisha sauti. Alimwambia kaka yake kwamba anaweza kuikata ile fremu na kuichomelea upya, au injini ya mumewe irudi nyumbani ndani ya toroli. Na toroli hilo atalisukuma mama mwenyewe, mchana, kupitia sokoni, na kila atakayemwuliza atamjibu.

Kumwambia mjomba kuhusu shingo ya dada yake kusingefaa kitu. Shingo hiyo alikuwa ameitazama na kuiita mtindo. Lakini hilo la sokoni lilimgusa. Nilimwona akiipima njia yote ile kichwani, duka kwa duka.

"Nilikuwa na mpango wa kuirekebisha hata hivyo," alisema.

Aliifungua pikipiki yote, akakata viungo vya nyuma, akairudisha fremu kitandani na kuibana mpaka ikakaa sawasawa. Siku ya kuchomelea tena, mama alifika mapema akiwa na mashati ya baba na kopo la vifungo. Alichukua kiti cha plastiki, akakiweka kati ya kitanda na mlango, akaketi na kuanza kushona.

Mjomba alichomelea vizuri sana. Alichomelea upande huu na ule kwa zamu ili chuma kisijikunjie upande mmoja, na kiungo cha mwisho kilikuwa kimejipanga kama mshono wa cherehani. Akavua barakoa. Mkono ukaanza kwenda.

"Kaka," mama alisema bila kuinua macho.

"Natazama kibano tu."

"Kitazame ukiwa umesimama huko."

Nje, benchi lilikuwa linanyoosha shingo. Kinyozi aliita kuuliza kama imekwisha.

"Dada, sogea kidogo tu jamaa waone kiungo."

"Wataona kikipoa."

"Kimeshapoa."

"Weka mkono."

Hakuuweka. Alikwenda dirishani, akarudi. Akapanga tupa zake kwa ukubwa, akazipangua. Alisema chuma kikikaa sana kinachoka, na mama akamwambia basi na kichoke. Mtu mzima, baba wa watoto, mwenye mvi, alihangaika ndani ya chumba kile kama aliyefungiwa kwa ajili ya kosa, na yote hayo kwa sababu wanaume wanaoishi kwa chai ya mkewe walikuwa hawajasema "aisee" mchana ule. Mama alimaliza vifungo vya shati moja akachukua lingine. Aliponyanyuka hatimaye, alilaza kiganja chake juu ya kila kiungo, kimoja baada ya kingine, kisha akasogeza kiti.

"Haya. Waonyeshe."

Injini ilifungwa tena, na baba aliporudi kutoka kona ya pili safari hii, alikuwa akishika usukani kwa mkono mmoja, na mkono wa pili alikuwa akimpungia mama. Alishuka, akakifuta kiti kwa mkono wa shati lake, sasa lenye vifungo vyote, akasimama pembeni kungoja. Mama alipanda kwa shida kidogo, goti moja likalalamika, akamzungushia baba mikono kiunoni mbele ya watu bila kuona haya.

Waliondoka taratibu, wamenyooka.

Mjomba hakuwaona. Alikuwa ameshaligeukia benchi, kidole kikiwa juu, akiwaeleza kuhusu njia mpya aliyoigundua ya kuacha fremu ipoe palepale kitandani, njia ambayo, alisema, mafundi wengi hawana subira nayo. Kinyozi alisema aisee. Karani mstaafu aliuliza kama njia hiyo ina jina.

"Bado nalifikiria," mjomba alisema, akiwa ameipa barabara mgongo.