Vidonge vya Macho na Kiko cha Bibi

Nilikubali kwamba bibi haoni siku kaa la moto lilipodondoka kwenye khanga yake. Alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko, kiko mdomoni, anapapasa kwa koleo mahali pa kuweka moto juu ya tumbaku. Aliuweka hewani. Nikauzima kwa kiganja. Yeye akaendelea kuvuta kiko kisichowaka, akaniuliza kama tumbaku ya mwaka huu tumeshaipeleka sokoni. Tulikuwa hatujaipanda.

Kijiji chetu kiko nje kidogo ya Urambo, na huku maisha ni tumbaku. Baba alikufa, kisha mama, na mimi niliyekuwa mkubwa nikaacha sekondari kidato cha pili. Bibi, mzaa mama, alituchukua wote. Mimi na yeye ndio tuliolea wale wadogo: yeye akikesha kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, akichochea moto, mimi nikilima, nikichota maji, nikifunga majani kwenye fito. Wadogo zangu walisoma, wakaondoka mmoja baada ya mwingine, na hilo ndilo tulilokuwa tunalitaka. Mimi nikabaki. Sisemi hivi ili nihurumiwe. Nasema ili ieleweke kwamba bibi kwangu hakuwa mzee wa kutembelewa sikukuu. Alikuwa mwenzangu wa kazi.

Nilimpigia simu mdogo wangu wa kiume aliyeko Dar es Salaam. Anauza vifaa vya simu, na siku hizo alikuwa ameingia pia kwenye kikundi cha watu wanaouza virutubisho. Hakuniacha nimalize.

"Dada, Mungu ni mkubwa. Hiki ninachouza ndicho bibi anachohitaji. Macho na kumbukumbu, vyote kwa chupa moja."

Chupa zilikuja kwa basi. Zilikuwa na picha ya jicho, karoti na ubongo wa mtu. Vidonge vyenyewe vilikuwa laini, rangi ya mawese. Nilimpigia tena, nikaweka spika ili bibi asikie maelekezo.

"Ni rangi ya asili, ile inayofanya karoti iwe karoti na mchicha uwe mchicha," alisema. "Inaitwa karotenoidi. Jicho linaitumia kujikinga na mwanga mkali. Ameze pamoja na chakula chenye mafuta. Ila ngoja, wameandika hapa wavuta sigara wasitumie. Bibi havuti sigara, eti?"

Bibi akadakia kutoka kwenye mkeka. "Sigara! Mume wangu, tangu umenioa uliniona lini na sigara? Sigara ni za wahuni wa stesheni."

Tulicheka wote, na mdogo wangu alicheka kuliko sisi. Bibi amemwita "mume wangu" tangu anatambaa, kama bibi wote wanavyowatania wajukuu wa kiume. Wala hakuna aliyekuwa anadanganya. Kwetu sigara ni kitu cha dukani, kina pakiti. Kiko ni kitu kingine. Majani yake tunayaotesha wenyewe, yale yanayobaki baada ya soko kuchagua mazuri, na mwanamke mzee akikaa na kiko chake jioni hakuna anayesema anavuta. Wanasema amepumzika.

Basi akawa anameza kila asubuhi pamoja na uji wa karanga. Na kila mdogo wangu alipopiga simu, bibi alimwambia anaona. "Leo nimemuona kuku, mume wangu. Nimemuona mpaka vidole." Kuku huyo alikuwa ndoo. Sikumsahihisha. Mtu akikuletea kitu kutoka mbali humwambii hakifai, na bibi alikuwa na adabu hiyo hata baada ya mambo mengine kuanza kumtoka. Alitia chumvi mboga mara mbili, akasahau njia ya kisimani. Mimi nilipika, nikalima, nikamwongoza chooni, nikarudi kulima. Uchovu wa miezi ile sikuupumzisha popote, maana hata kitandani nilikuwa namsikiliza asije akatoka nje peke yake.

Mwisho nilimpeleka Tabora mjini, kwa madaktari wa macho. Hakutaka.

"Nina dawa. Unataka nimwaibishe mume wangu?"

"Twende tukawaonyeshe hao madaktari hiyo dawa yako," nilimwambia, na kwa hilo akakubali.

Tulikaa kwenye benchi mpaka jua likatuhama. Daktari alikuwa mama mmoja kijana, akasalimia shikamoo kwa heshima, akamwangalia bibi jicho moja baada ya jingine kwa taa yake. Kisha akakaa kuandika. Bibi aliposikia kimya akadhani tumemaliza. Akafungua pindo la khanga, akatoa kiko, akasema, "Mama daktari, huna kiberiti hapo?"

Kalamu ilisimama.

"Bibi, unavuta?"

"Sivuti. Hiki ni kiko."

Daktari alicheka hadi akafuta machozi, kisha akanigeukia, na uso wake haukuwa tena wa kucheka. Akaomba chupa. Aliisoma pande zote, akaweka kidole kwenye neno moja. Beta-karotini, ile rangi ya karoti aliyoisema mdogo wangu.

Alinieleza taratibu. Kwamba watafiti waliwahi kuwapa wavuta sigara vidonge vya beta-karotini wakitumaini vitawakinga na saratani ya mapafu, na ikatokea kinyume, waliopewa wakaugua zaidi. Ndiyo maana dawa za macho za aina hii sasa hutengenezwa bila hiyo, badala yake hutiwa luteini na mwenzake zeazanthini, ambazo ndizo zinazokaa nyuma ya jicho. Nilimuuliza kama kiko ni sawa na sigara. Akasema utafiti ule ulihusu sigara, yeye hawezi kuniapia kuhusu kiko, ila moshi wa tumbaku ni moshi wa tumbaku na asingempa bibi yake mwenyewe vidonge hivyo.

"Na hizo nzuri zisizo na beta-karotini? Zitamrudishia macho?"

"Hapana, dada. Kuna ugonjwa wa uzeeni unaoharibu katikati ya jicho. Kwa wagonjwa wa hatua fulani, vidonge hivyo vinapunguza kasi tu. Kilichoharibika hakirudi. Na bibi si huo unaomsumbua zaidi. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Huo hauondoki kwa kidonge chochote. Tunaufanyia upasuaji."

Nikauliza la mwisho, ambalo ndilo lililokuwa limenikaa rohoni kuliko macho. "Na kichwa?"

Aliiweka chupa mezani. "Hapo sitaki kukudanganya. Wanaokula sana mboga za majani huwa wanazeeka na akili nzuri kidogo, lakini huenda ni kwa sababu maisha yao kwa jumla ni mazuri. Walipojaribu kuwapa watu vidonge, majibu hayajakubaliana. Mpe matembele, mpe kisamvu, weka karanga. Na kama mnakausha kunde, anikeni kivulini, jua kali linaua ile rangi inayofaa macho. Lakini usitegemee akumbuke alichosahau."

Bibi alikuwa amesikia yote. "Kwa hiyo dawa na kiko haviwezi kukaa pamoja?"

"Haviwezi, bibi. Na kiko chenyewe kinadhuru macho."

"Basi kiko ndicho nilichoanza nacho," alisema, akakifunga tena kwenye pindo.

Lakini kwa upasuaji alikataa. Na kuhusu vidonge akageuka: sasa aliamini kwamba tatizo lilikuwa ni dawa na moshi kugombana, na kwamba akiacha kiko wiki kadhaa, vidonge vitafanya kazi. Nilijua hataacha kiko. Nilijua pia mwenye uwezo wa kumtoa kwenye vidonge si mimi.

Nilimpigia mdogo wangu nikiwa nimesimama uani hospitalini. Alianza kwa ukali.

"Dada, wewe hujasoma huo utafiti. Sisi tumefundishwa."

"Sijasoma," nilisema. "Niliishia kidato cha pili, unajua kwa nini. Lakini huyu daktari amesoma. Bibi anavuta tumbaku na wewe umelelewa ndani ya moshi wa kiko chake."

Ukali wake ukaisha.

"Nilitaka tu na mimi nimfanyie kitu, dada. Kila kitu umefanya wewe."

Sikuwa na nguvu ya kumbembeleza. Nilimbembeleza hivyo hivyo, kwa sauti iliyochoka, kama nilivyokuwa namfunga vifungo vya shati la shule huku ugali unaungua. Kisha nikamwambia amweleze yeye mwenyewe, nikampelekea bibi simu.

"Mke wangu," nilimsikia anasema, "vidonge vile nilikosea. Viache. Fanya upasuaji."

Bibi alifikiri kidogo. "Nilijua," akasema. "Wanaume wa mjini waongo." Akaniambia nimwite daktari.

Walimfanyia jicho moja kwanza. Kesho yake asubuhi nilimketisha karibu na dirisha, muuguzi akabandua plasta, akasafisha kope, akamwambia afungue polepole. Bibi alifungua. Alitazama ukuta, akatazama mikono yake kwa mshangao, akaigeuza. Akamwambia muuguzi kwamba sketi yake imechafuka upande, na kweli ilikuwa imechafuka. Muuguzi akacheka. Jicho lilikuwa limerudi.

Kisha akageuka kunitazama. Alinitazama kwa muda, kwa makini, sawasawa usoni, kwa namna ambayo hajanitazama kwa miaka.

"Mbona umezeeka hivi, mwanangu?" alisema, akaniita kwa jina la marehemu mama, binti yake. "Na watoto uliniachia mimi. Mkubwa anateseka yule."

Muuguzi aliniangalia, hakuelewa. Niliketi pembeni ya kitanda, nikashika mkono wake unaonuka tumbaku. Nilitaka kumwambia ni mimi. Lakini alikuwa ananiona vizuri, na alikuwa amefurahi.

"Wamekua wote, mama," nilimjibu.

"Na yule mkubwa?"

"Yupo. Anapumzika kidogo."