Shikamoo ya Tatu

Wenzangu, nawaandikia haya leo hii hii.

Mnajua kazi yangu ya ukarani hapa Msambweni: ninaandikisha wagonjwa wa kifafa kwa daktari anayechunguza kikunjo kidogo cha ubongo, kile kinachotunza kumbukumbu mpya.

Leo akaingia mama mmoja kutoka Majoreni na mwanawe mgonjwa.

"Shikamoo, mama."

Akanitazama.

"Mwanangu, hii ya tatu. Mbili nimeshakuitikia. Katikati ulikodoa macho, ukawa unatafuna na kinywani hamna kitu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Huyu wangu alianza hivyo hivyo."

Wallahi, nakumbuka shikamoo moja tu.

Kwenye fomu iliyofuata nimeandika jina langu. Iko mfukoni, daktari hajaiona.

Nyinyi mnaokaa nami, mmewahi kuniona hivyo mkanyamaza?