Motokari Iliyovaa Viatu vya Baba Yake

Ambreyaje, yaani klachi ya gari, ikiungua inanuka kama kwato ya mbuzi iliyoanguka motoni. Harufu hiyo ikinifikia kutoka garaji ya mjukuu wangu Ngoie, anayeniita Kambo, yaani bibi (na hapa Kamina hakuna mwanaume anayemshinda kwa magari, mimi nawaambia), natema mate chini. Majirani wanadhani ni uzee. Si uzee. Ni baba mukubwa.

Baba mukubwa, kaka wa baba yangu, alikuwa na kamyoneti nzuri ya mizigo. Ilishuka Kabondo-Dianda kuchukua samaki, ikapanda kurudi bila kulalamika. Lakini yule mtu alipenda kutazamwa kuliko kula. Siku moja akapata mipira minne mikubwa ya magurudumu, ya gari lingine kabisa. Haikuingia. Akakata mabati kwa msumeno, akainua bodi kwa vipande vya mbao, akawa anaizunguka akijipapasa kitambi kama vile ameizaa yeye.

Mama yangu aliuza samaki, na mdomo wake haukujua kulala.

"Shemeji, motokari yako imevaa viatu ya baba yake," alisema mbele ya watu. "Mulima itapanda namna gani?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba mukubwa hakucheka.

Tulienda hata hivyo, mama na mimi nyuma, juu ya vikapu vitupu. Kwenye tambarare gari lilikimbia kweli, na yeye akatoa kichwa dirishani: "Unaona, weye?"

Kurudi, tumejaa samaki wabichi, tulifika chini ya mlima. Akatia vitesi ya kwanza, gia ya kupandia mlima. Injini ikalia, gari likapanda hatua mbili, likazima. Akajaribu tena, na tena, mpaka moshi ukatoka chini na ile harufu ikatuingia kooni. Jua likapanda. Samaki wakavimba matumbo, maji yao yakatiririka kati ya vidole vya miguu yangu, mazito, ya uvuguvugu. Nzi wa kijani walinitambaa mdomoni. Nilitapika juu ya gauni langu.

Baba mukubwa akashuka, akamnyooshea mama kidole.

"Njo weye ulilaani motokari yangu na kinywa yako. Mulozi!"

"Shemeji, ilikuwa kicheko tu."

"Shuka! Shuka na mutoto yako!"

Tukapanda mlima kwa miguu, tukinuka kama shimo la takataka.

Neno lile, mulozi, yaani mchawi, lilifika nyumbani kabla yetu. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo aliyeonja chakula cha mama. Kwenye matanga, sahani yake ya bukari, ugali wetu, ilirudi nzima, imekauka ganda juu. Na mimi, niwaambie kitu ambacho sijawaambia hata watoto wangu: siku moja binamu zangu walikuwa wananitazama, nikaisukuma bukari yake.

"Inanuka," nilisema.

Haikunuka. Mama aliivuta sahani, akanipa mgongo, akala mwenyewe.

Alikufa na jina lile.

Juzi kijana mmoja alileta kwa Ngoie gari lenye mipira mikubwa, ambreyaje imeungua. Nikauliza kwa nini.

"Kambo, mupira mukubwa ikizunguka mara moja, inaenda mbali kuliko mudogo," Ngoie alisema, akijipangusa grisi. "Basi vitesi ya kwanza inakuwa sawa na ya pili. Kwa tambarare, hakuna shida. Lakini nani anaanza mulima na ya pili, na muzigo? Injini inakosa nguvu, ambreyaje inaungua."

"Ni gari lililovaa viatu vya baba yake."

Akacheka, akaacha kazi. "Njo vile kabisa! Nani alikufundisha, Kambo?"

"Mama yangu," nilisema.

Mwanamke ambaye hakuwahi kushika usukani aliona kwa macho matupu, akasema kweli, na kweli yake wakaiita bulozi kwa sababu mjinga mmoja aliona aibu mbele ya watu. Baba mukubwa namtemea mate, na sitachoka. Lakini nikikumbuka ile sahani, mate nayameza.