Ndoo Moja ya Mavyaa

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Na kilichozitia moto hasira zangu miaka ile ni karo.

Nyumba yetu ya Mji wa Kale ina tangi juu ya dari na karo, shimo la maji machafu, chini ya ukumbi. Maji hununuliwa kwa mikokoteni, madumu kwa madumu, yakapandishwa juu kwa pampu. Kupanda ni kazi, lakini kushuka ndiko balaa, maana kila tone litumikalo huishia karoni, na lori la kunyonya karo haliingii kichochoroni kwetu. Karo likijaa, huja wanaume na ndoo, wakachota, wakapita nayo ukumbini hadi barabarani, na majirani wakafunga madirisha kwa vishindo ili nisikie. Lilipojaa mara ya pili katika mwaka mmoja, niliapa: wallahi, sitatiwa aibu hii tena.

Nikatafuta wa kumlaumu. Alikuwapo mmoja tu aliyeshinda nyumbani nami: mavyaa, mama wa mume wangu, bikizee aliyekuwa hawezi kuzuia mkojo tena. Kila akiingia chooni ni kujitawadha, kisha udhu upya, kisha akikaa kidogo arudi tena. Bomba likilia shaa, nami moyo ukinilia.

Nilipata ufito mrefu, nikautia alama kwa makaa. Kila asubuhi nikifunua karo, nautumbukiza, kisha nampelekea mavyaa chumbani mwake, unatiririka.

"Tazama, mama. Jana lilikuwa hapa. Hiki chote kilichozidi ni chako."

Alikuwa akiutazama kama mtoto aliyeonyeshwa kosa lake mbele ya watu. "Niwie radhi, mwanangu," akisema. Na mimi, badala ya kuona haya, nilizidi kupanda kichwa.

Nikamwita fundi atie bomba la uani, ndilo tulilochotea sote, koki ya kufuli. Ufunguo nikaufunga pembeni mwa leso yangu. Mavyaa nikampimia ndoo moja kila asubuhi: ya kunywa, ya choo, ya udhu, yote humo humo. Mume wangu alitoka alfajiri kwenda bandarini Kilindini na kurudi jioni, akakuta mamake amekaa kitini, safi, akitabasamu. Hakuambiwa kitu, na yeye hakuuliza.

Siku moja ndoo ilimwishia kabla ya alasiri. Akanijia jikoni akijikokota ukutani, kopo mkononi. "Mwanangu, nipe kidogo cha udhu."

"Si kuna kutayamamu?" nikamwambia, wala sikugeuka, napaa samaki. "Mchanga umejaa tele huko uani."

"Kutayamamu ni kwa asiyekuwa na maji," akasema polepole. "Haya yapo, mwanangu. Yapo juu."

Nilimwacha amesimama pale mpaka akarudi mwenyewe. Kuanzia siku hiyo hakuomba tena. Nikajisifu kwa mashoga zangu kuwa ameshika adabu, na maji ya karo yakawa hayapandi kwenye ufito.

Alianza kudhoofika, midomo ikampasuka. Daktari akaniambia mwili umekauka, mzee hanywi maji. Nikaruka. "Hanywi vipi? Ndoo nzima nampa, kila siku ya Mungu!" Daktari akaandika dawa.

Alifariki asubuhi ya Jumatano, kabla jua halijapanda. Nikaikimbilia ile kufuli, nikaifungua, nikaachia bomba wazi. Tangi lilikuwa limejaa pomoni. Nikapanga ndoo uani moja baada ya nyingine, nikilia na kujiambia: leo ataoshwa kwa maji mengi, leo hapimiwi.

Mwosha alikuwa jirani yetu, shoga yake mavyaa tangu usichana. Alizipita zile ndoo zangu asizitazame. Aliingia chumbani, akainama, akavuta kutoka uvunguni madumu madogo ya mafuta ya kupikia, manane, yote yamejaa maji na kufungwa vizuri.

"Maji yapo!" nikamwambia. "Bibi, tazama, yapo tele!"

"Ameusia," akasema. "Alikuwa akiyatenga kidogo kidogo kutoka kwenye ndoo yake. Alichelea siku yake ikifika yasipatikane ya kumwoshea. Na ufuo, shimo la maji ya kumwoshea, tuuchimbe uani, maji yake yaingie mchangani. Karoni yasiende."

Wakachimba shimo chini ya kitanda cha kuoshea, wakamwosha kwa maji aliyojinyima kinywani. Mimi nilisimama mlangoni, bomba linamwagika kando yao, hakuna aliyeniambia nilifunge.

Walipomaliza, mwosha akanijia na dumu moja lisilofunguliwa.

"Hili limebaki," akasema. "Aliniambia likibaki moja, nikurudishie wewe."

Nikalipokea.